Kula ya Viongozi wa Baraza

Naandika haya kwa sababu aibu yenyewe nimeshaizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, na pia kwa sababu hata nisipoandika, yule mwendesha bodaboda wa kijiwe cha sokoni ataendelea kunisalimia kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, "Katibu! Leo tunakula nini?", na watu watageuka, na mimi nitaangalia viatu vyangu. Kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe, tena yote, hata pale pa kwenye kreti la soda.

Naitwa Minza, niko kidato cha tatu hapa Katoro. Tulihama Kolandoto nikiwa darasa la pili, baba alipoifuata dhahabu (bado anaifuata). Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, natazama dirishani ili asinione kwamba ninalo. Nilichojaliwa ni mwandiko. Mwandiko wangu umesimama wima, herufi zote kimo kimoja, mpaka ratiba ya vipindi inayoning'inia ofisi ya walimu ni kazi yangu, na ndiyo maana nilipochaguliwa katibu wa Baraza la Watoto kwa Mama Limi nilikubali, nikijua katibu kazi yake ni kuandika, anayeongea ni mwenyekiti.

Kwa Mama Limi ni shirika, lina jina refu ambalo lipo kwenye mhuri tu, mjini hakuna anayelitumia. Mama Limi alianza kwa kuwafuata watoto waliokuwa wakigonga mawe kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akawa anawauliza wanasoma shule gani, akiambiwa hakuna, anawafuata wazazi, wazazi wakimkwepa, anawafuata hukohuko walikokimbilia. Sasa ana chumba kimoja cha kupanga, meza mbili, na wamama wa sokoni wanaomchangia kila wiki, kila mmoja anachoweza.

Na ana ubao. Kila baada ya miezi mitatu, hesabu zote za shirika zinaandikwa kwenye karatasi kubwa ya manila na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kitongoji, jirani na soko, kilichoingia na kilichotoka, mpaka chumvi kama ilinunuliwa chumvi. Siku chache baadaye unaitishwa mkutano palepale uwanjani, na mtu yeyote, hata mpita njia, anaweza kunyoosha kidole kwenye mstari anaoutaka na kusema naomba karatasi yake. Utaratibu huo una sababu. Kabla ya Mama Limi kulikuwa na kikundi kingine kilichochangisha soko zima sare za yatima, halafu siku moja kikahama na michango, na sare, na hata viti vilivyoazimwa msikitini.

Mwenye kushika hesabu ni Babu Masanja. Ujana wake wote alikuwa karani wa mizani ya pamba huko Shinyanga, na mama anasema wakulima walikuwa wanarudi na mikokoteni yao nyumbani wakikuta siyo zamu yake, waje kesho awapimie yeye. Sasa ni mzee, anavaa koti hata jua likiwa kali, na macho yake yameingia ukungu (ni mtoto wa jicho, anasubiri apangiwe siku ya kupasuliwa). Hasomi tena. Lakini namba zote anazo kichwani, na risiti zote amezitunga kwenye uzi, mwezi kwa mwezi, anazihesabu kwa vidole kama anapukuchua mahindi. Kwa kuwa haoni, anahitaji mtu wa kumwandikia, na Jumamosi moja mtu huyo nikawa mimi.

"Andika kichwa cha habali," alisema, amekaa, mikono juu ya fimbo. "Lipoti ya mapato na matumizi."

Nikaandika RIPOTI.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kisukuma chetu hakina r, kwa hiyo wazee wetu wengi wakiongea Kiswahili kila r inageuka l, na sisi watoto wao tunachekwa shuleni. Mimi nilichekwa kuanzia darasa la pili mpaka la nne kwa sababu ya neno rula (nilikuwa nasema lula, na kila siku kulikuwa na mtu wa kuniazima makusudi ili aisikie). Nilijifunza kwa machozi. Ndiyo maana siku ile kila l ya Babu nilikuwa naidaka hewani, naichungulia, na ikiwa ni r naivalisha nguo zake kabla haijafika kwenye manila. Lisiti ikawa RISITI. Kalatasi ikawa KARATASI. Nilijisikia fundi kweli, wala sikutaka aijue kazi ninayomfanyia.

"Kodi ya chumba cha ofisi," akaendelea, na kiasi chake. "Nauli, kufuatilia kesi mbili. Chai na maandazi, mkutano wa wazazi. Kula ya viongozi wa balaza, laki moja na alobaini."

Balaza nikaidaka, ikawa BARAZA. Kwenye kula nikasimama kidogo. Baraza ni letu sisi watoto, tuna viongozi watano, mmojawapo ni mimi. Kula ipi? Nikakumbuka siku tulipochaguliwa kulikuwa na wali na maharage, nikajiambia, aha, wali ule. Laki moja na arobaini kwa wali ni pesa nyingi, lakini tulikuwa wengi, na mimi nilirudia.

Ningeuliza. Nimeirudia dakika ile mara nyingi sana kichwani, na kila mara nauliza, ni neno moja tu, Babu, kula gani? Lakini kuna watoto pale kwa Mama Limi walikuwa na mchezo wa kumrudisha Babu kwenye maneno, "Eti Babu? Umesemaje?", ili aseme tena waende kucheka nyuma ya choo, na sikutaka adhani mimi ni mmoja wao. Basi nikaandika kwa makapeni, ile kalamu nene, kwa herufi kubwa, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, KULA YA VIONGOZI WA BARAZA, sh. 140,000.

Tena nina alama nzuri za Kiswahili. Alisema kula "ya", na kula chakula huchukua "kwa", siyo "ya", lakini sikuisikia hiyo "ya" hata kidogo.

"Umemaliza, mayu?" aliuliza. (Mayu ni mama, ndivyo anavyotuita wasichana wote.)

"Nimemaliza, Babu."

"Nisomee."

Nikamsomea yote. Nilipofika pale nikasoma, "Kula ya viongozi wa Baraza, laki moja na arobaini," na yeye akaitikia kwa kichwa akasema, "Hapohapo." Kwa masikio yake hapakuwa na kosa lolote. Nani angetuokoa?

Jumapili jioni ikabandikwa. Jumatatu asubuhi nikiwa naenda shule nikaona watu wamejaa mbele ya ubao, nikafurahi (ndiyo, nilifurahi, nilidhani wanasifia mwandiko). Katikati yao alikuwa Chenji. Chenji ni mwendesha bodaboda, anaitwa hivyo kwa sababu ukimpa noti hajawahi kuwa nayo hiyo chenji, na yeye ndiye aliyekuwa msomaji.

"Kula ya viongozi wa Baraza, laki moja na arobaini elfu!" alikuwa anatangaza kama anauza dawa ya mende. "Jamani, huu ndio uwazi! Wenzao wanaficha, hawa wameandika kabisa kwa makapeni: tumekula!"

Watu wakacheka. Mama Zuhura, anayeuza mchele, yeye hakucheka. Alikuwa ameshika kiuno.

"Wamekula nini cha laki na arobaini?" aliuliza. "Siku ile ya uchaguzi wa watoto wali tulipika sisi. Mchele wangu, maharage ya Mama Shija, kuni zetu. Hata chumvi sikumdai mtu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mgongo wa mtu, mkoba begani, ndipo nikasikia neno uchaguzi, na maneno yote ya Jumamosi yakarudi na kujipanga upya. Uchaguzi. Kura. Kura ya viongozi wa Baraza. Kura ileile iliyonifanya mimi kuwa katibu!

"Mimi mchango wangu usubiri kwanza," akasema Mama Zuhura. "Jumatano kwenye mkutano Masanja atatuambia kala na nani." Na wenzake wawili watatu wakasema na wao hivyohivyo, usubiri.

Sasa mtu mwenye akili angepaza sauti palepale, jamani ni r hiyo, mimi nimekosea. Ningemaliza kila kitu na kuwahi mstarini shuleni. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi mbele ya watu si mtu wa kuongea. Nikainamisha kichwa nikaenda shule, na njiani nikapanga mpango. Nilijiona nina akili sana.

Mpango ulikuwa mdogo. Nitaazima ule wino mweupe wa kufutia kwa Zuhura (huyu ni binti wa Mama Zuhura, tunakaa dawati moja, hakuuliza wa nini). Nitapaka L, nitasubiri ikauke, nitaandika R. Dakika tano. Nikachagua saa tisa na nusu, jua la kuchoma, watu wamejificha vivulini, nikachukua kreti tupu la soda pembeni ya kioski kwa sababu ubao uko juu na mimi ni mfupi, nikapanda.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba manila yenyewe ilikuwa ya bluu. Nilipopaka tu, pale kwenye L pakang'aa kama ukuta uliopigwa chokaa. Nikapuliza ikauke. Haikauki. Nikapuliza tena, mashavu yamevimba, na ndipo nikasikia nyuma yangu breki za pikipiki.

"We binti! We!" Alikuwa Chenji, mwingine nani. "Jamani njooni! Hesabu zinafutwa mchana kweupe!"

Nikageuka, kreti likateleza, na mkono wenye wino ukashuka pamoja na mimi, ukavuta mstari mweupe kutoka kwenye KULA, ukapita juu ya VIONGOZI, ukafika kwenye pesa na kumalizikia juu ya ile moja ya mbele. Nilipoinuka kutoka chini nilitazama mara moja tu. Palikuwa pamesomeka sh. 40,000. Laki moja ilikuwa imeyeyuka mbele ya macho yangu, na nikakimbia.

Sikujulikana. Walichoona ni mgongo na sketi ya shule, na sketi hizo Katoro ziko nyingi. Lakini Chenji alikuwa amepiga picha asubuhi, akapiga na nyingine baada ya mimi kukimbia, na mpaka jua linazama picha zote mbili, ya kabla na ya baada, zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za soko zima. Mama alirudi na habari kamili. Alisema wamemtuma mwanafunzi akafute laki moja, halafu akavua kilemba akakaa, akasema, "Na Masanja yule. Kumbe naye."

Kumbe naye. Maneno mawili tu, lakini nikaisukuma pembeni sahani ya ugali. Mtu amepima pamba ya watu miaka yote bila kumpunja hata bibi mmoja, na mimi nimemfanyia hivi kwa herufi moja na kichupa cha wino.

Jumanne baada ya shule nilikwenda kwake nikiwa nimeamua kusema. Nilimkuta nje, kwenye kigoda, na redio yake mkononi, anaitafutia stesheni.

"Shikamoo, Babu."

"Malahaba, mayu. Kalibu. Hii ledio leo inanuna." Akaizima. Alikuwa ameshasikia, nilimwona usoni. "Wamekuja vijana hapa wananiambia kalatasi yetu imefutwa. Nani afute?"

Nikafungua mdomo.

"Unajua, mayu," akaendelea kabla sijatoa sauti, "kwenye mizani ukikosea namba ulikuwa hufuti. Unakata mstali mmoja, mwembamba, ili ya zamani isomeke. Juu yake unaandika ya kweli, pembeni unaweka jina lako. Kosa si wizi, kila mtu anakosea. Lakini ukifuta, hata kama ulikuwa unasahihisha, tayali wewe ni mwizi, maana nani atajua kulikuwa na nini pale?"

Nikafunga mdomo. Nikasema nilipita kumsalimia tu. Akanishukuru, "Wabeja, mayu," na akasema watoto wenye heshima kama mimi wamebaki wachache. Nilirudi nyumbani nikitembea kama nina kokoto kwenye viatu vyote viwili.

Jumatano, saa kumi, uwanja ulijaa kuliko siku zote. Kwa kawaida kwenye mkutano wa hesabu wanakuja watu kumi na watano, nusu yao wanasubiri soda. Safari hii mabenchi ya kanisani hayakutosha, watu wakasimama mpaka barabarani. Mama Limi alikaa mbele, mikono kwenye mapaja, ametulia kama anayesubiri kuchomwa sindano. Babu alikaa pembeni yake na sanduku la risiti miguuni, ufunguo wake umefungwa kwa kamba kwenye mkanda wa suruali. Mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa, nyuma ya mwanamume mwenye kofia kubwa.

Mama Limi alisema hajamtuma mtu kufuta, na kwamba karatasi imeachwa ilivyo ili waulize. Chenji akasimama.

"Shikamoo, Babu. Naomba mstari wa nne."

"Malahaba. Mstali wa nne," akasema Babu bila kusita, "ni kula."

Uwanja ukaguna.

"Amekiri!" mtu akasema.

"Kula ya nani, Babu?"

"Ya viongozi. Na si sili, ilifanyika mchana, hapahapa ofisini. Watoto zaidi ya mia wamepiga kula."

"Na kweli walipiga," akasema Chenji, na watu wakaanza kucheka. Babu hakuelewa kwa nini wanacheka, akadhani hawasadiki, akaongeza sauti.

"Ilikuwa kula hulu na ya haki! Kila mtoto aliingia peke yake, nyuma ya pazia. Kula ya sili! Hakuna aliyemwona mwenzake!"

Hapo uwanja ukapasuka. Watu waliinama, wengine walishikana mabega, mwanamume mwenye kofia mbele yangu alilia machozi. Kila Babu alipoeleza ndipo alipozidi kuzama, watoto wamepiga kula vizuri, kula zimehesabiwa mbele ya mashahidi, kula mbili ziliharibika zikatupwa, na mimi peke yangu uwanja mzima nilikuwa nasikia alichokuwa anasema. (Hapana, naye Mama Limi alisikia. Alisimama akasema, "Jamani, anasema kura, kura," lakini kicheko kilimfunika, na waliomsikia walisema anamtetea mtu wake.)

Babu alikisikiliza kile kicheko kwa muda, uso wake ukawa kama wa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba siyo, halafu akainama, akafungua ile kamba kwenye mkanda, akauweka ufunguo wa sanduku mezani. Aliuweka polepole, kwa kupapasa, asiudondoshe.

"Basi," alisema. "Atafutwe mwingine."

Kicheko kikapungua. Na mimi nikakuta nimesimama. Sikumbuki kusimama, miguu ilinitangulia. Nilisema, "Siyo yeye!", kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na shingo zote za Katoro zikageuka.

"Babu hajakosea," nikasema. "Niliandika mimi. Haoni, alinitamkia, nikaandika vibaya. Siyo kula. Ni kula!"

Wakatazamana.

"Siyo kula," nikarudia, "ni kula! Kula!"

Ndiyo. R yangu, niliyoipata kwa miaka miwili ya machozi, iligoma siku hiyo, kwa sababu nikiogopa ulimi wangu unarudi Kolandoto bila kuniaga. Uwanja ukaanguka tena. "Mjukuu na babu!" mtu akapiga kelele. Nilitamani ardhi ya pale ingekuwa na duara, shimo la dhahabu, lililoachwa wazi na wachimbaji, nitumbukie.

Lakini ufunguo ulikuwa bado pale mezani, nauona. Kwa kuwa mdomo umeshindwa, nikaenda kwa mkono. Nilipita katikati yao wote mpaka kwenye ubao, nikamwomba Mama Limi makapeni, na pembeni ya manila, karibu na uchafu wangu mwenyewe, nikaandika KURA. Kubwa, wima. Halafu nikageuka nikasema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu, kwamba aliyepanda kreti ni mimi, sikutumwa, nilitaka kuweka r, na laki moja niliifunika kwa kuanguka.

Safari hii hawakucheka wote. Mama Zuhura alisogea mbele, akasoma KURA, akasoma lile doa, akasoma KURA tena, midomo ikitembea.

"Sawa, kura," alisema. "Na laki na arobaini ya kura ilienda wapi? Tuone karatasi zake."

Hilo lilikuwa swali la haki. Babu alinyoosha mkono mezani, akaupapasa ufunguo, akaukuta. Akafungua sanduku, akatoa uzi wa mwezi ule, vidole vikapita risiti moja moja, vikasimama, akanipa mimi. "Soma, mayu. Talatibu."

Nikasoma. Karatasi za kupigia kura, elfu kumi na nane. Masanduku mawili na kufuli zake, elfu ishirini na mbili. Kukodi kipaza sauti, elfu ishirini. Bodaboda nne, kubeba watoto wa Buseresere na wa machimboni kuja kupiga kura na kuwarudisha, elfu ishirini kila moja, jumla elfu themanini. Watu walikuwa wanajumlisha kwa vidole, niliwaona.

"Bodaboda gani?" Mama Zuhura akauliza. "Wana majina?"

"Wamesaini," nikasema, nikasoma majina ya watatu. La nne lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kuchorachora, na chini ya jina halisi alikuwa ameongeza na jina la kijiweni, kwa mabano, kana kwamba aliogopa asijulikane. Nikasita. Nikasoma. "Chenji."

Kila mtu alimtazama Chenji. Alikuwa ameegemea pikipiki yake, mdomo wazi.

"Ah," alisema. "Ile safari ya watoto? Ile ndiyo... aa, jamani, ile nilibeba kweli."

"Kumbe mlaji ni wewe!" akasema Mama Zuhura.

Kicheko cha mara ya tatu kilikuwa kikubwa kuliko viwili vya kwanza, na hata Babu alicheka, mabega ndani ya koti yakitikisika. Chenji akaja mbele akainama kumwomba radhi, na Babu akamuuliza kama siku ile alipolipwa alikuwa nayo chenji. Mama Zuhura hakuomba radhi mtu. Alifungua pindo la khanga, akatoa mchango wake wa wiki, akauweka mezani, akadai aandikiwe.

Nilidhani yameisha. Niliomba nipewe manila mpya niandike upya yote, usiku huohuo, niondoe kila doa. Babu akakataa.

"Hii hii," alisema. "Kata mstali mmoja."

Basi mbele ya uwanja mzima nilikata mstari mwembamba juu ya kile kilichobaki cha KULA, nikaacha KURA nje yake, nikarudisha ile moja mbele ya arobaini elfu, na pembeni nikaandika kama alivyoniambia, jina langu lote na la baba, kidato cha tatu, katibu. Karatasi ikakaa pale ubaoni miezi yote mitatu, kwa sababu ndiyo sheria yao, na kwa miezi yote mitatu nilipita mbele yake kila asubuhi na kila jioni, na hakuna mpita njia Katoro asiyejua Minza ni nani na alifanya nini. Mvua ilipiga, jua likapiga, doa langu halikufifia hata kidogo. Ule wino ni mzuri, lazima niseme.

Kichupa cha Zuhura nilimrudishia, na sijagusa kingine tangu siku hiyo, hata kwenye hili daftari (ukiona mahali nimekata mstari, ujue nilikosea, na unaweza kusoma nilichokosea). Na kuuliza nauliza. Juzi tulikaa tena kuandika hesabu mpya, mimi na Babu, na kila neno lenye utata nilisimamisha kalamu na kumuuliza bila aibu, naye hakununa hata mara moja.

"Babu, hapo ni L ya limau au R ya redio?"

Alifikiri, kidevu juu ya fimbo.

"Hapo," alisema, "weka l ya ledio."